Barua pepe papo hapo kwenye simu: Gmail, Mail ya iPhone, Outlook, Thunderbird au kuelekeza?

Wapo watu ambao barua pepe ikichelewa saa mbili hawapotezi kitu. Wapo pia mzabuni anayesubiri LPO (hati ya oda), mwombaji kazi aliyetakiwa athibitishe usaili kabla ya saa kumi jioni, na wakala wa forodha anayesubiri hati ili kontena lisiendelee kulipiwa bandarini. Kwa hawa saa mbili ni fedha, na mara nyingine ni nafasi iliyokwenda kwa mwingine. Makala haya ni kwa ajili yao, hasa wale ambao simu yao inalia kwa WhatsApp bila kukosea, lakini barua pepe za asubuhi wanaziona mchana.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuanza kwa kuuliza programu ipi ni nzuri. Swali la kwanza ni sanduku lako la barua liko kwa nani. Jibu la hilo likipatikana, nusu ya uchaguzi imeshafanyika.

Barua inavyofika

Kuna njia mbili. Katika ya kwanza simu huchungulia seva, yaani kompyuta inayohifadhi sanduku lako, kila baada ya muda: robo saa, nusu saa, saa nzima. Katika ya pili seva ndiyo inayoiarifu simu mara barua inapoingia. Ni kama mwenye nyumba anayefungua mlango kila robo saa aone kama kuna mgeni, na yule anayekaa akisubiri mgeni apige hodi.

Hodi hiyo inahitaji njia ya kupitia. Enzi za BlackBerry kampuni hiyo ilikuwa na mtandao wake wenyewe wa kusukuma barua, na ndio uliowafanya watu wa maofisini waing'ang'anie. Huduma za simu zake za zamani zilizimwa tarehe 4 Januari 2022. Leo Android inatumia njia ya Google na iPhone inatumia njia ya Apple, iliyopo tangu 2009. Programu zote zinazoitumia hupokea arifa kupitia njia hiyo moja, kwa hiyo betri hailiwi na kila programu kushika laini yake.

Programu isiyopitia humo inabaki na mambo mawili: ichungulie, au ishikilie laini yake yenyewe na seva kwa utaratibu uitwao IMAP IDLE, ambao ni kiwango cha tangu 1997 (IMAP ni lugha ambayo programu za barua huongea na seva). Laini hiyo lazima ihuishwe angalau kila dakika 29, la sivyo seva inaweza kuikata. Na hapo ndipo Android inapoingilia kati. Tangu toleo la 6.0 la mwaka 2015, simu iliyolala mezani, kioo kimezimika, bila chaji, huanza kuzinyima programu intaneti na kuzifungulia kwa vipindi. Ujumbe wa dharura unaopitia njia ya Google huruhusiwa kuiamsha simu. Programu inayoshika laini yake yenyewe hairuhusiwi hadi wewe uiruhusu. Ndiyo maana anwani yako ya Gmail inalia na info@ ya kampuni iko kimya, simu ileile, bando lilelile.

Vigezo

Njia zote tano nitazipima kwa mambo yaleyale: kasi, nikimaanisha simu ikiwa imelala mezani na si mkononi ukiitazama, betri na bando, faragha, yaani nani mwingine anazigusa barua zako njiani, kazi ya kuiweka, na mtu inayemfaa.

1. Programu ya Gmail

*Kasi.* Kwa anwani ya Gmail, au ya kampuni iliyo kwenye Google Workspace (huduma ya Google ya kulipia kwa ofisi), ni vigumu kuipita. Barua ikitua kwenye seva za Google, simu inalia, iwe Android au iPhone. Ukiongeza humohumo akaunti ya IMAP kutoka hosting ya kawaida, yaani kampuni inayohifadhi tovuti na barua za ofisi yenu, mambo yanabadilika: kwenye Android akaunti hiyo inarudi kwenye kuchungulia, na muda mfupi kabisa unaoweza kuuchagua ni dakika 15. Wengi wanadanganyika hapa. Wanaona Gmail yao inawahi, wanaweka na anwani ya ofisi mle ndani, wanaamini zote mbili ziko sawa.

*Betri na bando.* Nafuu sana, kwa kuwa njia ya hodi tayari iko wazi kwa ajili ya programu nyingine. Zima upakuaji wa viambatisho unaojiendesha wenyewe kama unabana bando. Viambatisho ndivyo vinavyokula, arifa yenyewe ni kitu kidogo mno.

*Faragha.* Kwa anwani ya Gmail, barua ziko Google tayari, hakuna mtu wa tatu anayeongezeka.

*Kuiweka.* Inakuja na simu nyingi za Android, kwa hiyo watu hudhani hakuna cha kurekebisha. Kipo. Ingia kwenye mipangilio, gusa akaunti yako, hakikisha kusawazisha Gmail kumewashwa. Kisha angalia arifa. Zikiwa zimewekwa kwa barua za kipaumbele tu, au kwenye iPhone kwa kikasha cha "Primary" tu, basi barua iliyotumwa na mfumo wa ajira au wa zabuni inaweza kupangwa kwenye "Updates" na simu isitoe sauti. Weka zote. Kwenye Android kuna kitu kingine kilichojificha kwenye arifa za kikasha: chaguo la kuarifu kwa kila ujumbe, "Notify for every message". Kisipowashwa, barua ya kwanza inalia na zinazoifuata zinaweza kuingia kimya.

*Inamfaa* mwenye Gmail au Workspace, bila kujali aina ya simu.

2. Mail, programu ya iPhone yenyewe

*Kasi.* Inategemea kabisa sanduku. iCloud na Exchange (mfumo wa barua wa Microsoft kwa ofisi) hupigiwa hodi. Gmail ya bure ndani ya Mail haipigiwi, inachunguliwa tu. Hali ni hiyohiyo kwa anwani ya kampuni kwenye hosting inayosimamiwa kwa cPanel (ukurasa wa mipangilio ya hosting), maana Mail haitumii IMAP IDLE. Kuna kikwazo kingine ambacho kinastahili kuelezwa taratibu. Sehemu ya "Fetch New Data" mara nyingi huwa imewekwa "Automatically", na neno hilo linampa mtu imani kwamba barua zitaingia zenyewe saa yoyote. Maana yake halisi ni kwamba simu huchota barua kwa nyuma ikiwa kwenye chaji na Wi-Fi. Ukiwa daladalani na data ya simu, haichoti hadi uifungue. Chagua "Every 15 Minutes" kama unabaki na Mail.

*Betri na bando.* Hodi ya iCloud na Exchange ni nyepesi. Kuchungulia kila robo saa kunakula betri zaidi, na ukiwasha hali ya kubana nishati, ile inayogeuza alama ya betri kuwa ya njano, kuchota barua kwa nyuma kunasimamishwa.

*Faragha.* Hapa Mail inang'ara. Kwa akaunti za IMAP, simu inaongea na seva yako moja kwa moja, hakuna kampuni nyingine katikati.

*Kuiweka.* Rahisi. Fungua mipangilio ya iPhone, nenda Mail, kisha akaunti, kisha "Fetch New Data". Kwenye matoleo ya karibuni Mail imewekwa ndani ya "Apps". Washa "Push" juu, halafu gusa kila akaunti uone imepewa nini.

*Inamfaa* mwenye iCloud au Exchange, na yule asiyeumizwa na robo saa lakini hataki barua zake zipite kwa mtu mwingine.

3. Outlook ya simu

*Kasi.* Kwa Microsoft 365, Exchange na Outlook.com inawahi sana. Kwa Gmail pia inafanya vizuri. Kwa IMAP ya kawaida, seva za Microsoft ndizo zinazochota barua kutoka kwenye hosting yako kisha zikaiarifu simu, hivyo kasi inafuata mzunguko wa seva hizo. Ijaribu kabla ya kuitegemea.

*Betri na bando.* Nzuri, kwa kuwa kazi nzito inafanyika nje ya simu.

*Faragha.* Hapa ndipo pa kutafakari. Ukiingiza anwani ya kampuni iliyo kwenye hosting, kwa kawaida barua zako zinapitia na kuhifadhiwa kwenye wingu la Microsoft, na seva hizo zinahitaji njia ya kuingia kwenye sanduku lako. Kwa mtu binafsi huenda si neno. Kwa zahanati, ofisi ya wakili au Sacco yenye barua za wateja, ni jambo la kuamuliwa na ofisi, si la kufanywa kimyakimya na mfanyakazi mmoja. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya 2019.

*Kuiweka.* Rahisi kuliko zote kwa mwenye masanduku mengi. Ila Outlook huzigawa barua mafungu mawili, "Focused" na "Other", na arifa zinaweza kuwekwa kwa fungu la kwanza peke yake. Zima mgawanyo huo, au ruhusu arifa za mafungu yote.

*Inamfaa* mfanyakazi ambaye ofisi yake iko Microsoft 365, na mwenye anwani tatu nne anayetaka ziwe mahali pamoja.

4. Thunderbird ya Android, na wenzake

Programu hii ilijulikana kama K-9 Mail, ikaungana na mradi wa Thunderbird mwaka 2022, na toleo lenye jina la Thunderbird likatoka Oktoba 2024. FairEmail ni ya kundi hilihili: nayo inashika laini ya IMAP IDLE yenyewe. Nitakaa hapa zaidi, kwa sababu hii ndiyo njia wanayoikosa wenye anwani za .co.tz na .co.ke kwenye hosting za kawaida, na ndiyo inayoharibika kirahisi isipowekwa sawasawa.

*Kasi.* Ikiwekwa vizuri, barua ya hosting ya kawaida inafika ndani ya sekunde chache. Seva za cPanel hutumia Dovecot, programu ya seva ya barua, na Dovecot inaikubali IDLE bila wewe kuomba chochote kwa mwenye hosting. Isipowekwa vizuri, itafanya kazi asubuhi nzima halafu inyamaze mchana, na utadhani hakuna aliyekuandikia.

*Betri na bando.* Laini iliyo wazi bila ujumbe haitumii data ya kuonekana. Betri inaguswa kidogo zaidi kuliko njia ya Google, hasa mtandao ukiwa wa kukatika-katika, kwa sababu kila ukikatika programu inaunganisha upya. Ukiwa eneo la mtandao dhaifu utaliona hilo kwenye asilimia. Washa kusukuma kwa kikasha cha kuingilia peke yake. Kila folda unayoiongeza inataka laini yake. Weka pia kikomo cha ukubwa wa barua inayopakuliwa yenyewe.

*Faragha.* Simu na seva yako tu, na programu yenyewe ni ya msimbo huria.

*Kuiweka.* Chagua IMAP, usichague POP3, njia ya zamani ya kupakua barua. POP3 haina hodi kabisa, na ikiwekwa vibaya inaweza kufuta barua kwenye seva kabla wenzako ofisini hawajazisoma. Jina la mtumiaji ni anwani nzima, si kipande kilicho kabla ya @. Seva ya kupokea kwa kawaida ni mail ikifuatiwa na jina la tovuti yenu, lango 993 lenye SSL/TLS; ya kutuma ni hiyohiyo, lango 465. Kisha ingia kwenye mipangilio ya folda ya kikasha na uwashe kusukuma. Thunderbird itaomba ruhusa ya kengele na vikumbusho. Ombi hilo huwashangaza watu wakalikataa, wakati ndilo linaloiwezesha kuamka kwa wakati na kuihuisha laini. Likubali. Itaweka pia arifa ya kudumu juu ya kioo kuonyesha kwamba inasubiri barua. Ikikukera, ifiche kwenye mipangilio ya arifa bila kuzima arifa za barua zenyewe.

Baada ya hapo shughulikia betri. Kwenye mipangilio ya simu fungua programu hiyo, sehemu ya betri, uiache itumie betri bila vikwazo. Samsung ina orodha ya programu zinazolazwa usingizi, hakikisha haimo. Tecno, Infinix, Xiaomi na Oppo zina ubanaji wao wa ziada: tafuta ruhusa ya programu kujiwasha yenyewe na uiwashe, na kama una kile kitufe cha kusafisha kumbukumbu, ifunge programu hiyo kwa alama ya kufuli kwenye orodha ya zilizofunguliwa karibuni ili usafishaji usiiue. Hatua hii ikirukwa, zile nyingine zote hazina faida.

*Inamfaa* mwenye Android na anwani ya hosting ya kawaida, aliye tayari kukaa chini nusu saa na kuiweka.

5. Kuelekeza barua kwenda Gmail

*Kasi.* Nzuri. Hosting inaitupa nakala kwenda Gmail mara barua inapoingia, kisha Gmail inakupigia hodi.

*Betri na bando.* Sawa na namba moja.

*Faragha.* Barua za ofisi zinaishia kwenye akaunti ya mtu binafsi. Mfanyakazi akiondoka, anaondoka nazo.

*Kuiweka.* Dakika chache ndani ya cPanel, ila acha nakala ibaki kwenye sanduku la asili. Matatizo yanaanza baadaye. Barua iliyoelekezwa inaonekana imetoka kwenye seva isiyo ya mtumaji, kwa hiyo ukaguzi wa SPF, unaoangalia kama seva inayotuma imeruhusiwa na mwenye anwani, unaweza kuikataa, nayo ikaishia kwenye taka. Ukijibu bila kuiweka anwani ya ofisi kama ya kutumia, mteja anapata jibu kutoka anwani yako ya nyumbani. Ile njia nyingine ya zamani, ya kuiagiza Gmail iende kuchota barua za hosting kwa POP, Google imetangaza kuiondoa kuanzia mwaka 2026; asikushauri mtu kuianza sasa.

*Inamfaa* mwenye biashara ya mtu mmoja, na mwenye iPhone aliye na anwani ya hosting.

Jaribu kabla ya kuamini

Chomoa chaja. Zima Wi-Fi, acha data ya simu. Laza simu mezani, kioo kimezimika, usiiguse kwa saa moja. Kisha tumia simu ya mwenzako kujitumia barua, na kwenye kichwa cha barua andika saa ya kutuma, mfano 8:40. Ikilia saa 8:40 au 8:41, umemaliza. Ikilia ulipoishika tu, simu ndiyo inayoizuia. Jaribio la simu ikiwa mkononi halina maana, kwa sababu simu iliyo macho hupokea karibu kila kitu.

Ikichelewa, fungua sanduku lako kwa kivinjari wakati huohuo. Kama hata huko barua haipo, usiguse mipangilio ya simu. Kuchelewa kuko kwenye seva. Baadhi ya seva za kampuni humkataa kwa muda mtumaji mgeni ili kupunguza taka, na kusubiri seva yake ijaribu tena. Hilo huchelewesha barua ya kwanza ya mteja mpya, yaani ileile unayoihitaji kuliko zote. Mwenye hosting anaweza kulizima.

Na bando. Data ikizimwa kati ya matumizi, kama tufanyavyo wengi ili lisikatike, hakuna programu itakayokuletea kitu. Vifurushi vya mitandao ya kijamii pekee navyo ni mtego: WhatsApp inapita, barua pepe haipiti, na kioo kinaonyesha intaneti ipo. Kiokoa Data cha Android kikiwashwa, ruhusu programu yako ya barua itumie data ya chinichini.

Kwa hali yako

Una Gmail, simu yoyote: programu ya Gmail, na utumie dakika tano kurekebisha arifa.

Ofisi iko Microsoft 365: Outlook. Mwenye iPhone anaweza pia kutumia Mail kwa akaunti hiyo ya Exchange, akapata hodi vilevile, ofisi ikiruhusu.

Anwani ya hosting ya kawaida na Android: Thunderbird au FairEmail. Kama simu yako inaua programu hata baada ya ruhusa zote, elekeza Gmail ukijua gharama zake.

Anwani ya hosting na iPhone: kama robo saa inatosha, Mail. Kama haitoshi na barua si nyeti, kuelekeza au Outlook. Kama ni nyeti na haraka inatakiwa, zungumza na ofisi ihamishe sanduku lenyewe kwenye Workspace au Microsoft 365. Ni gharama ya kila mwezi kwa kila mtumiaji, nayo ipimwe kwa thamani ya oda mnazozikosa.

Unasubiri jibu moja tu muhimu wiki hii, usaili au ufadhili: usihamishe chochote sasa. Washa arifa zote kwenye programu uliyonayo, acha data wazi saa za kazi, na ufungue kikasha pamoja na folda ya taka asubuhi, mchana na jioni hadi jibu lifike.